Jumamosi ya Kitinda

Mwenye kasri la kurukia watoto hana Jumamosi. Baba Kasri alikuwa akilisema hilo kwa fahari, kama wengine wanavyojisifu kwamba hawajawahi kulazwa hospitali. Kasri lenyewe ni lile la mpira, la kujazwa upepo kwa feni, jekundu na la manjano, lenye minara minne, mmoja wao umelegea upande kama mtu anayesinzia mkutanoni. Alikuwa pia na viti vya plastiki, hema moja, meza za kukunja, na pikapu iliyokataa kuwaka asubuhi bila kubembelezwa. Ukitaka kumfanyia mwanao sherehe ya kuzaliwa mtaani pale, na unataka watoto wa watu waje kweli, usiishie kutumiwa salamu, ulikuwa unamtafuta Baba Kasri.

Kazi hiyo ilimfundisha adabu za sherehe za watoto mpaka akachoka nazo. Alijua mwaliko ukisema saa nane, mwenye adabu anafika saa tisa na nusu, na anayefika saa nane kamili anamkuta mwenye nyumba bado ana taulo. Alijua "jamani zawadi si lazima" ni maneno ya mdomoni tu. Kuna baba mmoja aliwahi kuyaamini, akakaa kwenye kona ya hema amejikunyata mpaka keki ikakatwa. "Tutajitahidi" maana yake hatuji. "Nitakujulisha" maana yake hatuji, na usituulize tena. Na mzazi anayesema "namwacha tu mtoto, nina haraka" atarudi saa ya chakula, haraka yote imekwisha.

Mwenyewe alikuwa na sheria moja tu: asiyetoa kianzio hana siku. Uje na machozi, uje na mama mkwe wako akuombee, bila kianzio unarudi ulikotoka. Siku zake alizishika kichwani, haandiki popote, na kichwa kile kilikuwa na mlango mmoja. Kianzio kikiingia, siku inafungwa kwa kufuli. Kisipoingia, siku iko wazi, hata uitaje mara mia. Na akishakipokea harudi nyuma, hata inyeshe mvua ya mawe. Watu walimheshimu kwa hilo. Wengine walimwogopa kidogo.

Sasa huyu bwana alikuwa na binti, kitindamimba, kaka zake wawili wako shule ya bweni, na nyumbani waliona jina refu la nini, wakamwita Kitinda. Mtoto wa watu alizaliwa mwezi ule ambao wakazi wa mtaa mzima, kwa sababu wanazozijua wenyewe, wamezaa sana. Jumamosi zote za mwezi huo zilikuwa zinawahiwa mapema. Na Kitinda, unadhani aliwahi kutoa kianzio? Hakuwahi.

Basi sherehe zake zilikuwa zinafanyika Jumatatu. Jumapili kasri linarudi na sharubati, krimu ya keki, na mambo mengine ambayo hapa tutayaacha. Jumatatu linapulizwa uani, linasuguliwa kwa sabuni na brashi, linaachwa likauke. Kwa kuwa limeshapulizwa, Baba Kasri aliona hapo hapo ndipo pa kumsherehekea mwanawe. Wageni walikuwa watoto watatu wa nyumba ya jirani, bado na sare za shule. Wanateleza kwenye povu, wanacheka, wanakula keki, wanaitwa kwao wakafanye hesabu. Mpaka anafika miaka sita, Kitinda aliamini kwamba watu huzaliwa Jumatatu na kasri kwa kawaida huwa na maji.

Shule ndiyo iliyomfungua macho. Darasa la kwanza alialikwa Jumamosi moja, akaalikwa nyingine, akalikuta kasri la kwao limesimama kavu katikati ya nyumba za watu, limezungukwa na maputo, na baba yake amesimama kando ya feni, mikono nyuma. Kitinda aliliwaza jambo hilo mwaka mzima. Alipokaribia kutimiza minane akamfuata baba yake mezani.

"Baba, mwaka huu nataka Jumamosi."

"Jumamosi gani, mwanangu?"

"Tarehe ishirini. Siku yangu inaangukia Jumamosi yenyewe. Nimehesabu na mama."

Mama yake alikuwa fundi wa sare za shule, na muda huo alikuwa na pini mdomoni. Akaitikia kwa kichwa.

"Imeisha hiyo," akasema Baba Kasri. "Siku yako, kasri lako, kutwa nzima."

"Kweli?"

"We mtoto, mimi nishawahi kukudanganya?"

Alisema kutoka moyoni, na hilo tumtendee haki. Shida ni kwamba neno lile lilimwingia sikioni likakaa huko huko. Halikupata njia ya kufika kule siku zinakofungiwa.

Kesho yake Kitinda alilitangazia darasa. Hakupiga kelele, alimwendea mmoja mmoja dawatini, akamwambia tarehe, akamwambia na kasri litakuwa kavu. Wenzake hawakuelewa kwa nini analisisitiza hilo la ukavu, lakini wakakubali kuja.

Ila wakubwa wana utaratibu wao. Wazazi wa darasa lile walikuwa na kundi lao kwenye simu, na adabu ya kundi ni kwamba mwenye jambo anauliza kwanza: wazazi wenzangu, tarehe fulani kuna mtu? Kukiwa kimya mpaka kesho yake, siku ni yako, na atakayekuja baadaye kuiwekea sherehe nyingine ataonekana hana malezi. Mkewe Baba Kasri alikusudia kuuliza. Lakini shule zilikuwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, sare zimemjaa mpaka kitandani, akasema atauliza akimaliza kaptura za darasa la tano. Kaptura zile zilikuwa nyingi.

Ndipo akaja mama mwenye duka la dawa. Mwanawe alikuwa anakaa dawati moja na Kitinda. Alimkuta Baba Kasri uani anaziba tundu kwenye mnara ule uliolegea.

"Baba Kasri, tarehe ishirini uko wazi?"

Baba Kasri akatazama juu, kama anavyofanya akitafuta kitu kichwani. Akapekua. Jumamosi ya kwanza, imefungwa. Ya pili, imefungwa. Ya tarehe ishirini, nyeupe, haina alama hata ya kucha.

"Wazi kabisa, mama. Sema wewe tu."

Kianzio kikatoka mkobani, kikaingia mfukoni, kufuli likalia *kaa*. Akaziba tundu lake huku anapiga mluzi. Hakuna kilichomsumbua. Alilala kama mtoto mchanga.

Siku mbili baadaye, wakiwa wanakula, mkewe aliiweka simu kando ya sahani ya mumewe. Kwenye kundi la wazazi mama mwenye duka la dawa alikuwa ameandika: "Wazazi wenzangu, jana niliuliza nikaona kimya, basi tarehe ishirini mwanangu anatimiza minane. Karibuni nyote kwetu, saa nane. Kasri la kurukia litakuwepo. Zawadi jamani si lazima." Chini yake hongera zilikuwa zimepangana, maua, vikofia, na "tutafika bila kukosa" kutoka kwa darasa karibu zima.

"Hiyo tarehe inakukumbusha nini?" mkewe akauliza.

"Sherehe ya mtoto wa duka la dawa. Wameshatoa kianzio."

Mkewe akanyamaza. Kuna kunyamaza kwa mtu asiye na la kusema, na kuna kunyamaza kwa mke wa Baba Kasri. Baba Kasri akaisoma tena ile tarehe.

"Mungu wangu," akasema.

"Jana aliuliza, mimi nilikuwa kwenye mashine, sikuiona simu," mkewe akasema. "Hilo ni langu, nalibeba. Lakini wewe, Baba Kasri! Wewe ndiye uliyempa siku. Mwanao mwenyewe!"

"Sikumkumbuka."

"Hukumkumbuka."

"Hakuwa na kianzio," akasema, na alipoisikia sauti yake mwenyewe ikiyatamka maneno hayo akatamani meza immeze.

Wakatafuta njia. Kumfanyia Kitinda yake siku hiyo hiyo haiwezekani. Wageni wote wameshakubali kwingine, na ukitangaza sasa utaonekana unagombania watoto wa watu. Kuomba akate keki pamoja na mwenzake ndiyo kabisa. Mkewe alisema afadhali ahame mji. Ikabaki moja: kwenda kumwomba mama yule asogeze siku. Baba Kasri akapiga moyo konde, asubuhi akaenda.

Mama mwenye duka la dawa alikuwa nyuma ya kaunta, miwani juu ya paji la uso, anahesabu vidonge kwenye kisahani. Mbele kulikuwa na foleni. Baba Kasri akajipanga. Zamu yake ilipofika, nyuma yake alikuwepo mtu wa kikohozi na mama mwenye kichanga.

"Baba Kasri! Kwema?"

"Kwema, mama. Nimekuja kuhusu ile Jumamosi."

Mkono uliokuwa unahesabu ukasimama. "Usiniambie huji."

"Kuja nitakuja."

"Maana huyu mtoto, nikwambie, halali! Mwaka jana siku yake ilimkuta na tetekuwanga, amepakwa dawa mwili mzima, hakufanyiwa hata mshumaa. Mwaka huu nimemwambia, mwanangu, hata nikope nitakufanyia. Sasa ulikuwa unataka kusema nini?"

Mtu wa kikohozi akakohoa. Baba Kasri akatazama rafu za dawa.

"Nilikuwa nataka dawa ya minyoo."

"Ya watu wangapi?"

"Nyumba nzima."

Akafungiwa dawa ya nyumba nzima, akaelezwa na kunawa mikono. Alipokuwa anatoka mama akamwita kwa sauti, "Na Kitinda aje, jamani! Ni rafiki wa mwanangu. Tena asilete kitu!"

Jioni wote wakanywa dawa ya minyoo. Mkewe hakuuliza imetoka wapi. Kisha Baba Kasri akamwita bintiye, akamweleza, maneno yakiwa yanagongana. Akasema kuna makosa yametokea. Akasema ni yake. Akasema, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine, kwamba labda Jumatatu yake.

Kitinda alimtazama.

"Sawa, baba," akasema.

Angelia ingekuwa nafuu. Angerusha kikombe, angesusa chakula, baba mtu angejua pa kuanzia kubembeleza. Hiyo sawa ilimkaa kifuani wiki nzima kama chakula kisichosagika.

Tarehe ishirini ikafika. Baba Kasri alilisimamisha kasri kwenye uwanja wa nyumba ya mama mwenye duka la dawa, akafunga kamba, akawasha feni. Kitinda alikuja na mama yake saa tisa na nusu, kwa adabu zote, amevaa gauni ambalo lilishonwa kwa ajili ya siku hiyo hiyo kwa sababu nyingine. Zawadi aliileta: penseli za rangi, zile alizokuwa amezitaka yeye. Akamkabidhi mwenzake kwa mikono miwili, akamtakia heri. Mtoto wa duka la dawa akafurahi sana. Ni mtoto mzuri, hana kosa lolote kwenye habari hii.

Wakaja kuvua viatu pale kasrini, na Baba Kasri yuko hapo hapo, anavipanga. Msichana mmoja wa darasani akamgeukia Kitinda.

"Si ulisema leo ni siku yako?"

"Ndiyo, leo nimetimiza minane."

"Na kasri si la kwenu?"

"La kwetu."

"Sasa mbona ni sherehe yake?"

Kitinda akafungua kifungo cha kiatu, taratibu, kwa sababu kilikuwa kigumu. "Kwetu siku wanapewa wateja," akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda sokoni. Akaingia kasrini akaanza kuruka na wenzake.

Baba Kasri alibaki na kiatu kimoja mkononi. Alihisi haya, haya ya kweli, ile inayopanda kutoka miguuni. Alikuwa mtu wa kujisifia msimamo mbele ya mji mzima, kumbe mwanawe ameuelewa msimamo huo vizuri kuliko alivyouelewa yeye.

Akakiweka kiatu chini. Akachomoka, akatembea mpaka chini ya hema, ambako mjomba wa mtoto alikuwa na kipaza sauti anatania wageni, akamwambia, "Naomba hicho dakika moja." Mjomba akadhani ni gari la mtu limezuia njia. Akampa.

Sasa jamani, kutangaza sherehe yako ndani ya sherehe ya mwenzio ni utovu wa adabu ambao hauna hata jina. Baba Kasri alilijua hilo kuliko mtu yeyote uwanjani pale. Mkewe alipomwona ameshika kipaza sauti alifumba macho.

"Wazazi," akasema, na spika ikapiga yowe. "Wazazi, samahani. Binti yangu yuko darasa moja na watoto wenu. Leo na yeye amezaliwa. Nilimpa hii siku, halafu nikaigawa, nikamsahau. Kosa ni langu, mama mwenye nyumba hana habari. Jumamosi ijayo ni siku yake. Nyumbani kwangu, saa nane. Naomba mje. Ni hayo tu."

Mtu mmoja akaweka chini soda yake taratibu isipige kelele. Kisha, kutoka nyuma, sauti ya adabu ikasema, "Tutajitahidi." Na nyingine, "Tutajitahidi, Baba Kasri." Likazunguka hema zima. Kila mmoja alimwambia tutajitahidi.

Mama mwenye duka la dawa alimfuata mpaka kwenye feni, uso umemvimba, hajaamua kama akasirike au alie.

"Mbona hukuniambia ulipokuja dukani?"

"Kulikuwa na foleni, mama."

"Na ile dawa mlikunywa?"

"Tulikunywa wote."

"Haya," akasema, akarudi kwa wageni wake.

Jumamosi iliyofuata, kwa bahati mbaya, nayo ilikuwa na kufuli. Mwenye duka la simu alikuwa anafungua tawi jipya na alitaka kasri mlangoni livute watu. Baba Kasri alimfuata kazini, akamwekea kianzio chake juu ya meza.

"Nini hiki?"

"Jumamosi sitakuja. Nina sherehe nyumbani."

"Wewe si ndiye wa mvua ya mawe?"

"Ndiye."

"Nitakutangaza mji mzima!"

"Tangaza tu, ndugu yangu."

Alimtangaza kweli, hakumwonea haya. Wateja wawili wa mwezi uliofuata wakasita, mmoja akahamia kwa mtu mwenye ngamia wa kupuliza. Baba Kasri alisikia, akaumia, akaendelea kufunga kamba uani kwake.

Kuhusu wageni, hakumwahidi Kitinda chochote. Saa nane ilipofika uani kulikuwa na viti vitupu, hema, na mtoto mmoja mwenye gauni amekaa kiti cha mbele. Mkewe akasema watu wenye adabu hawafiki saa nane. Akasema tena saa nane na nusu. Saa tisa hakusema kitu.

Aliyefika kwanza alikuwa mtoto wa duka la dawa, anamvuta mama yake mkono, na alikuwa na zile penseli za rangi. Alikuwa amezitumia wiki nzima akaona zinatosha kwa wawili. Baada yao wakaja wengine, mafungu mafungu, mpaka viti havikutosha. Nusu walikuja kwa ajili ya mtoto. Nusu, tusifichane, walikuja kuona mtu asiye na haya namna ile anaishi nyumba gani. Watoto hawakuwa na habari na nusu hizo. Walirundika viatu wakajaa kasrini.

Ikafika saa ya keki. Watoto wakatoka mbio kwenda mezani, na Baba Kasri akabaki pale anapobaki siku zote, kando ya feni, anakagua kamba na kupanga viatu. Katika kazi yake saa ya keki ndiyo saa ya kupumua. Keki zote zile za mji mzima zilikatwa yeye akiwa amezipa mgongo, na Jumatatu za nyumbani alikuwa na brashi mkononi.

Wimbo ukaanza nyuma yake. Ukafika katikati, ukakatika.

"Baba!" Kitinda akaita. "Tunakungoja."

"Endeleeni tu, mama. Mimi nipo hapa."

"Hapo si kwenye sherehe. Sherehe iko huku."

Wageni wote walikuwa wanamtazama. "Kasri haliachwi peke yake likiwa limesimama," akajitetea. "Mtoto akirudi humu akaanguka, nani atamwona?"

"Lizime," mkewe akasema.

"Lizime? Jumamosi, saa kumi, watu wamejaa?"

"Baba Kasri. Lizime."

Akachomoa waya. Feni ikanyamaza, kasri likashusha pumzi, minara ikainama mmoja mmoja na kulala juu ya majani, mbele ya macho ya wazazi wa darasa zima. Baba Kasri akavuka uwanja. Hakujua baba mwenye sherehe husimama wapi wala mikono anaiweka wapi. Kitinda akamshika shati, akamvuta mpaka ubavuni pake, akamweka hapo.

Wimbo ukaanza upya. Naye akaimba, na kwenye mstari wa pili sauti ikamkatika. Tusizunguke maneno: alilia. Mtu mzima, na masharubu yake, alilia mbele za watu.

"Baba," Kitinda akamnong'oneza, macho yake kwenye mishumaa. "Sogea kidogo. Unalowesha keki."

Akasogea kidogo. Shati lake bado lilikuwa mkononi mwa Kitinda, kwa hiyo hakwenda mbali.